Krismasi Tuliyoituma Wajir

Kama ulikulia upande wetu wa mlima enzi zile, huna haja ya kuelezwa ladha ya stempu. Ulimi wako bado unaikumbuka: tamu kidogo mwanzoni, kisha chungu, halafu mdomo wote unakauka kama umekula ndizi mbichi. Kila shule zilipofungwa mwezi wa Novemba, sisi watoto ndio tuliokuwa walambaji wa stempu nyumbani. Mama alinunua kadi za Krismasi mjini Nyeri, zenye picha za nyumba zilizofunikwa na theluji na wanyama wenye pembe ndefu ambao hakuna mtu wa kwetu Mweiga aliyewahi kuwaona, tukazituma kwa shangazi zetu wa Murang'a na kwa mjomba wa Sagana kana kwamba theluji hiyo ilianguka kwetu. Zile zilizokuja tulizitundika kwenye uzi uliovuka sebule kutoka ukuta hadi ukuta. Mgeni aliyeingia alilazimika kuinamisha kichwa, na kadiri alivyoinama ndivyo tulivyojiona watu wa maana.

Siku hizi mpwa wangu hutuma kadi moja kwa watu wote anaowajua, akiwa amelala chali kitandani, kwa kidole gumba juu ya simu. Wote wanaambiwa ni wapendwa. Hata fundi aliyewahi kumtengenezea choo anaambiwa ni mpendwa.

Lakini kadi ilikuwa kitu chepesi. Kazi yenyewe ilikuwa zawadi, na zawadi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyomtumia dada yangu Njeri, mwaka ambao Baba alikuwa hataki hata jina lake litajwe.

Tulikaa Mweiga, mahali ambapo asubuhi ya Desemba unaweza kukuta majani ya viazi yamekauka kwa baridi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mama alikuwa na ng'ombe wake wa maziwa. Baba alikuwa mtu wa viazi: alinunua kwa wakulima, akapakia lori, akaenda kuuza Nairobi. Alisifika kwa jambo moja. Gunia likishafungwa na Baba, na lori likishapigwa kamba na Baba, hakuna kiazi kilichoanguka barabarani. Madereva walimtafuta. Alikuwa na namna ya kuvuta kamba kwa goti, uso umekunjamana, halafu anaipiga kofi ile kamba mara moja kuonyesha kwamba maneno yamekwisha.

Njeri alikuwa kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na katikati kulikuwa na kaka yetu Kariuki. Dada alinipita miaka mingi, kwa hiyo kwangu alikuwa kama mama wa pili mwenye vicheko zaidi. Ndiye aliyenifundisha kuruka kamba na kukwepa mpira kwenye mchezo wa kati. Ndiye aliyenisuka nywele zikikaza mpaka macho yanavutika pembeni. Alipomaliza chuo cha ualimu akapelekwa Wajir, kule jangwani kaskazini, na kijiji kizima kikaja kutupa pole kana kwamba amefungwa jela. Cucu, mama yake Baba, aliuliza kama huko kuna maji ya kunywa. Njeri akacheka, akabeba sanduku lake la bati, akaenda.

Mwaka wa kwanza alirudi Krismasi akiwa mweusi zaidi na mnene kidogo, na hadithi zisizoisha za ngamia. Mwaka wa pili ilikuja barua. Alikuwa ameolewa huko huko, na mwanamume anayeitwa Hassan, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa mifugo. Walikuwa wamefanya arusi ndogo. Alikuwa na furaha. Alimwomba Baba msamaha kwa kutomngoja.

Baba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisoma barua, akaikunja, akamrudishia Mama, akaenda kuangalia fensi. Nadhani kilichomuuma hakikuwa dini ya Hassan, maana Nanyuki alikuwa na marafiki wengi Waislamu aliofanya nao biashara na kula kwao. Kilichomuuma ni kwamba binti yake aliondoka nyumbani na hakuna mtu aliyemuuliza yeye. Na tangu siku hiyo akaanza jambo dogo ambalo kijiji kizima kililiona. Siku zote alikuwa akimwita Mama kwa jina la mtoto wao wa kwanza: Mama Njeri, chai iko wapi? Mama Njeri, umeona kofia yangu? Sasa ghafla Mama akawa Mama Kariuki. Kariuki mwenyewe alijivuna wiki nzima, mpaka alipoona Mama akiitwa hivyo hujibu polepole, kama mtu anayeitwa na mgeni.

Basi Novemba iliyofuata ikaja barua nyingine. Barua zetu zilipitia sanduku la chama cha maziwa, na karani aliyasoma majina huku kina mama wakipanga foleni na mitungi yao. Mama aliisomea palepale barabarani, nikamwona anaweka mtungi chini. Njeri alikuwa mjamzito. Mtoto angezaliwa karibu na Krismasi. Safari ya kuja ilikuwa mbali mno kwa hali yake, na hata kama isingekuwa mbali, aliandika, hajui kama mlango wetu bado uko wazi.

Mama akaniambia, "Hii ya mtoto usimwambie baba yako. Nitamwambia mimi, nikipata njia." Kisha akabeba mtungi. Tulipofika kwa mti wa mwisho kabla ya nyumbani, akasema kama mtu anayejisemea, "Asipoweza kuja Krismasi, Krismasi itaenda kwake."

Hapo ndipo raha ilipoanza. Jikoni kwetu kukawa kiwanda. Mama alichukua sufi ya kijani aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sweta yangu, akaanza kufuma kisweta kidogo chenye kofia. Kariuki akamwambia, "Mama, Wajir ni joto. Huyo mtoto ataiva." Mama akasema hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyewahi kuzaliwa bila sweta, na huyo hatakuwa wa kwanza. Alioka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na harufu yake ikatufanya tusitoke kwenda kucheza. Asali ilitoka kwa jirani aliyekuwa na mizinga upande wa msitu. Na Cucu akaja na njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, kwa sababu kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa njahi.

"Atapata nguvu wapi bila njahi?" Cucu aliuliza. "Na kuku je? Mtu aliyejifungua anataka supu. Nimemtenga yule jogoo mwekundu."

"Cucu, kuku hatumwi kwa posta," nikasema.

"Kwani barua si inapelekwa na gari? Kuku amekosa nini kwa gari?"

Ilibidi Kariuki amweleze habari za mihuri na mizani na magunia ya barua, na jinsi jogoo atakavyopigwa muhuri mgongoni. Cucu alisikiliza, akakubali, lakini shingo upande. Nadhani mpaka anakufa aliamini tulimnyima Njeri supu kwa uvivu.

Tulifunga kila kitu kwenye katoni ya sabuni. Mama alizungusha kamba ya katani juu na chini, akafunga fundo moja kubwa kama ngumi, nasi tukaenda posta Nyeri, mimi na yeye, siku ambayo Baba alikuwa amepeleka viazi Nairobi. Nilivaa viatu vya kanisani. Kwenda posta mjini lilikuwa jambo la viatu vya kanisani.

Karani wa pale alikuwa mzee mwenye fulana ya sufi isiyo na mikono na miwani iliyofungwa uzi. Aliinua katoni yetu, akaitikisa karibu na sikio. Njahi zikalia ndani kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Ni Krismasi," Mama akasema, kwa Kiswahili chetu cha mlimani. "Inaenda kwa msichana yangu Wajir. Itafika lini?"

Karani aliangalia kona ya katoni, akagusa kwa kidole, akakinusa. "Krismasi yako inavuja."

Ilikuwa asali. Ilikuwa imepita kwenye katoni na kuanza kutiririka juu ya kaunta. Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka, na Mama, ambaye si mtu wa kuchekwa, naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani.

Yule mzee hakuwa na haraka. Alitueleza vizuri. Kitu cha maji maji kisiingie kabisa. Kitu kisicheze ndani, maana kinachocheza kitapigana na mwenzake njia nzima mpaka Isiolo na kuendelea. Katoni ifunikwe na karatasi ya kaki, kisha ishonewe kitambaa kigumu. Jina liandikwe nje na jingine liwekwe ndani, ili la nje likifutika kwa mvua, la ndani liseme. "Na usichelewe," akamalizia. "Gari la kuchukua mizigo ya huko linaondoka Ijumaa jioni. Likikupita, msichana wako atakula keki ya Krismasi wakati wa Pasaka."

Tukarudi nayo nyumbani. Nililamba vidole njia nzima.

Alhamisi jioni, baada ya kukamua, Mama alikaa kwenye sakafu ya jikoni na kuanza upya. Asali ilibaki, jambo lililotufurahisha sana mimi na Kariuki. Kitambaa alikipata: mfuko wa unga alioufua mpaka maandishi yakatoka. Shida ilikuwa kamba. Kila akivuta huku, kule kunalegea. Kariuki alishika, mimi nikakanyaga, Mama akafunga, na fundo likafunguka lenyewe mbele ya macho yetu kama lililochoka.

Baba aliingia wakati huo. Alikuwa amelowa matope mpaka magotini. Akachukua chai yake, akakaa kwenye kiti cha karibu na moto, akatuangalia. Kamba ikafunguka tena. Baba akanywa chai. Mama akafunga tena, ikalegea tena. Niliona mguu wa Baba unaanza kutikisika.

"Ni nani alikufundisha kufunga hivyo?" akasema hatimaye.

"Hakuna mtu alinifundisha," Mama akajibu bila kuinua uso. "Na unajua huu mzigo unaenda wapi?"

"Mimi nimeuliza habari ya kamba. Sijauliza inaenda wapi."

Akaweka kikombe chini. Akachuchumaa, akaivuta ile katoni, akafungua kila kitu na kuanza kutoa kimoja kimoja, kama anavyofanya mtu aliyepewa lori lililopakiwa na mpumbavu. Keki akaiweka huku. Njahi akazipima mkononi, akasema ziwekwe kwenye mifuko midogo ya kitambaa, zijaze kona. Kisha akatoa kile kisweta cha kijani. Alikishika kwa mabega, kwa vidole vyake vikubwa vyenye nyufa za udongo, na kilionekana kidogo mno, kama nguo ya mwanasesere.

"Hii ni ya nani?"

Moto ulikuwa ukilia. Mama akasema, "Ni ya mtoto wa Njeri. Atazaliwa mwezi ujao."

Baba alikigeuza kile kisweta, akaangalia mgongo wake, akaangalia kofia. Nilimtazama Kariuki, Kariuki akatazama sakafu. Nilifikiri Baba atasimama aende kuangalia fensi.

"Wajir ni joto," akasema.

"Ndivyo tulimwambia," Kariuki akadakia, na Mama akamkata jicho.

Baba akakikunja kisweta, mikono kwa ndani, polepole, akakilaza juu ya goti lake. Kisha akasema, bado anaangalia chini, "Mama Njeri, niletee sindano ya magunia. Na hii kamba ni ya kufungia mbuzi. Toa ile mpya, iko nyuma ya mlango."

Mama Njeri. Mama alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona akisimama. Alikaa kule nyuma ya mlango muda mrefu kidogo kwa mtu anayetafuta kamba, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, naye akalaumu moshi.

Sijawahi kuona mzigo ukifungwa vile. Baba alitandika maganda makavu ya mahindi chini na pembeni. Keki iliingia kwenye mkebe wa bati, mkebe ukazungukwa na mifuko ya njahi, na kisweta kikawekwa katikati kabisa ambapo hakuna kitu kingekigandamiza. Alishona kile kitambaa kwa mishono mifupi, akikata uzi kwa meno. Akafunga kamba mpya, akavuta kwa goti, akaipiga kofi. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo nikapewa kalamu na wino wa kutilia alama nguo, usiotoka kwa maji, niandike jina. Nikaandika Bi na kungoja.

"Anza na Bwana," Baba akasema. "Andika Bwana Hassan na mke wake. Mzigo ukiwa na jina la mwenye nyumba haupotei."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Baba. Hata jambo la moyoni alilipitisha kwenye habari za usafirishaji.

Ijumaa alimkataza Mama kwenda. Alisema yeye mwenyewe ana shughuli mjini, na mimi niende naye kumsomea yaliyoandikwa posta, ingawa alijua kusoma vizuri. Tulipanda lori la viazi pamoja na dereva wake. Mvua ilikuwa imeanza tangu mchana, ile mvua ya Novemba isiyokuwa na mpango wa kukoma, na tukiwa bado upande huu wa mji lori likakohoa, likazima, likakataa kabisa kuwaka. Dereva alifungua boneti, akaangalia ndani kwa huzuni.

Baba aliangalia mawingu. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, koti la kanisani na la mazishi, ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kulitundika vibaya. Akalivua, akaufunga ule mzigo ndani yake, akauweka begani.

"Muthoni, unaweza kutembea?"

Nikasema ninaweza. Tukatembea, na baadaye tukakimbia. Maji yalikuwa yakishuka kando ya barabara mekundu kama chai ya maziwa, shati la Baba limemganda mgongoni, na mimi nimevua viatu vya kanisani nimevishika mkononi. Sikuwahi kumwona mtu mzima akikimbia kwa sababu isiyokuwa ng'ombe. Katikati ya kile kilima cha kuingilia mjini aliteleza, akapiga goti chini, lakini ule mzigo haukugusa ardhi. Aliinuka akicheka. Ndiyo, Baba alicheka, mvuani, matope mpaka kiunoni, akasema, "Njeri angetuona sasa." Nami nikacheka kwa sababu alikuwa ametaja jina lake na mbingu haikuanguka, isipokuwa ile mvua.

Tulifika posta yule karani mzee akiwa anafunga dirisha lake.

"Mzee, tumefunga," akasema.

Baba akaweka mzigo kwenye kaunta, akafungua koti. Koti lilikuwa linachuruzika. Kitambaa cha ndani kilikuwa kikavu, na wino wangu ulikuwa umekaa kama nilivyouandika. Karani alimtazama Baba, akautazama mzigo, akavaa tena miwani yake. Akauinua, akautikisa karibu na sikio. Kimya. Akaugeuza kichwa chini miguu juu, akatikisa tena. Kimya. Akapapasa mafundo kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayegusa mbao zilizopigwa randa vizuri.

"Huu utafika," akasema. "Na huyu Hassan ni rafiki wa biashara?"

Baba alipangusa maji usoni. "Ni mkwe wangu," akasema.

Karani akawasha kibiriti, akayeyusha lakiri, ile nta nyekundu ya mihuri, ikadondoka juu ya kila fundo, naye akapiga muhuri. Harufu ile sijaisahau. Hata leo nikisikia harufu ya mshumaa uliozimwa, naiona posta ya Nyeri na mgongo wa Baba ukitoa mvuke.

Krismasi ikaja. Tulikula chapati, tukanywa soda, tukavaa nguo mpya zilizonunuliwa kubwa ili zidumu, tukaimba kanisani mpaka sauti zikakauka. Yule jogoo mwekundu alichinjwa, na Cucu alinung'unika kila kipande kwamba kilikuwa cha Njeri. Lakini habari kutoka Wajir hazikuja. Baba, ambaye hakuwahi kupeleka maziwa tangu amwoe Mama, alianza kupeleka maziwa. Alirudi na mtungi mtupu na kusema tu kwamba foleni ilikuwa ndefu. Mama alikuwa akimpa uji bila kumuuliza.

Ilikuwa Januari, karibu shule kufunguliwa, aliporudi akitembea haraka akiwa ameshika kikaratasi cha posta. Tulikuwa na mzigo Nyeri. Tulikwenda sote, hata Cucu.

Ulikuwa umeshonewa kitambaa chekundu cha mistari, na ulifungwa kwa mafundo ambayo hakuna mmoja wetu aliyeyajua. Nyumbani Mama alichukua kisu. Baba akamshika mkono. Alikaa chini, akayachunguza mafundo yale, akajaribu hili na lile, na ilichukua muda mrefu mpaka Cucu akaanza kusinzia. "Huyu kijana anajua kazi," akasema peke yake. Ndani kulikuwa na tende, samli kwenye mkebe, ubani, leso mbili za Mama na Cucu, na kikoi cha Baba. Na kulikuwa na picha. Ilipigwa studio, mbele ya pazia lenye maua. Njeri amekaa, Hassan amesimama nyuma yake, mwembamba na mwenye haya. Na mapajani kuna mtoto wa kiume, amevaa kile kisweta cha sufi, kofia na yote, amekunja uso kwa hasira na kumetameta kwa jasho.

"Ameiva," Kariuki akasema, na safari hii hata Mama hakumkata jicho, alikuwa anacheka. Nyuma ya picha Njeri alikuwa ameandika kwamba mzigo ulifika kabla ya sikukuu, na kwamba keki haikuvunjika hata pembe. Baba aliitundika picha ile kwenye uzi wa kadi, katikati, mahali ambapo kila mtu angelazimika kuinama.

Pasaka walikuja wenyewe. Baba na Hassan walisalimiana kwa heshima nyingi mpaka ikawa karaha, wakakaa sebuleni wakiangalia vikombe vyao. Kisha Baba akasema, "Lile fundo la pembeni, lile lililopita chini ya jingine. Hilo mnalifungaje?" Hassan akamweleza kwamba ndivyo wanavyofunga mizigo juu ya ngamia, maana ngamia akiinuka mzigo huvutwa nyuma kwanza, halafu mbele. Baba akasema lori nalo likipanda mlima hufanya vivyo hivyo. Muda mfupi baadaye walikuwa nyuma ya nyumba, wamevua mashati ya nje, wanafunga na kufungua gunia la viazi kwa zamu, kila mmoja akimpa mwenzake jaribio, na vicheko vyao vikisikika mpaka kwa jirani. Njeri alisimama mlangoni na mtoto mgongoni akiwatazama. Mama alimletea sahani ya njahi, naye akala amesimama hapo hapo, kwa sababu hakutaka kuondoa macho.

Kuanzia mwaka ule nyumba yetu ikawa na sikukuu nyingi kuliko za majirani. Desemba mzigo ulikwenda Wajir, na Idd mzigo ulikuja Mweiga, na kila mara wale wawili walijitahidi kufunga namna ambayo mwingine atatoka jasho kufungua. Baba alivaa kile kikoi jioni juu ya suruali, akasema kinapitisha hewa, ingawa kwa baridi ya kwetu sijui alitaka hewa ya nini.

Siwadharau vijana wa leo. Wana mioyo mizuri kama yetu, na mambo yao hayavuji asali. Mwaka jana Desemba mwanangu aliye Nairobi alinitumia blanketi. Nilikuwa hapa Nyeri, nimekaa kibarazani nachambua maharagwe, pikipiki ikasimama langoni, kijana akaniita kwa jina langu kamili, nikatia sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu yake, akaondoka. Blanketi zuri, laini, la rangi niipendayo. Nililigeuza lile boksi pande zote nikitafuta mwandiko. Kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye mistari myeusi na tarakimu, na jina la duka.

Nikampigia mwanangu simu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia: jinsi yule kijana alivyonishtua, jinsi mbwa alivyobweka, jinsi nilivyofikiri ni mtu wa stima amekuja kukata umeme. Alipokea upesi, nikasikia magari nyuma yake.

"Mum, imefika, si ndiyo?" akasema. "Simu ilishaniambia."

"Imefika," nikasema.

"Sawa basi. Merry Krismasi, Mum." Akakata.

Nikakaa na blanketi mapajani, na yale yote niliyotaka kumwambia.